Programu zipi za bure za michoro na sauti zinamfaa anayeanza kutengeneza mchezo wa kompyuta?

MchoraBajaji (Uyole, Mbeya)

Habari zenu ndugu zangu. Mimi na mdogo wangu, ambaye yuko kidato cha tatu, tumeanza kutengeneza mchezo mdogo wa kompyuta wa picha bapa, ile aina ambayo watu huiita 2D. Mchezaji ni dereva wa bajaji anayetoka Uyole alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala barabarani, akishuka kuelekea Mwanjelwa huku akipakia na kushusha abiria, akikwepa mashimo na kuyapisha malori yaendayo Tunduma. Barabara inaonekana kwa mshazari kutoka juu, kwa hiyo bajaji inatakiwa ichorwe ikiwa imeelekea pande nane. Upande wa msimbo hatuna shida kubwa, kwa sababu tunatumia Godot, yaani injini ya kutengenezea michezo, na tayari tuna mraba mwekundu unaotembea, kugeuka na kugonga vitu. Shida ni kwamba mpaka leo bajaji yetu ndiyo huo mraba mwekundu, nao hauna hata mlio.

Kila ninayemuuliza hunitajia jina jingine la programu. Nimeshaambiwa GIMP, Krita, Inkscape, Blender, Piskel na LibreSprite kwa picha, na Audacity na LMMS kwa sauti, na kila msemaji anaapa kuwa yake ndiyo yenyewe. Siwezi kuzipakua zote nizijaribu, maana intaneti yangu ni bando la simu, na kompyuta yangu ni ya mtumba: RAM ya GB 4, haina kadi ya michoro ya peke yake, na skrini yake ni ya pikseli 1366 kwa 768. Programu za kulipia zilizovunjwa kufuli sizitaki tena. Mwaka jana nilipewa moja kwenye flashi, na virusi vilivyokuja nayo vikanipotezea picha zote za harusi ya dada yangu.

Naomba anayejua aniambie nianze na ipi ya picha na ipi ya sauti, na zaidi ya yote aniambie kwa nini iwe hiyo na si nyingine.

MwalimuWaKihesa (Iringa)

Kamwene, mdogo wangu. Swali lako ni zuri, ila umelianzia mwisho. Jina la programu huamuliwa baada ya kujua mchoro wako utakuwa wa ukubwa gani na wa aina gani, kwa kuwa hizo ulizotajiwa hazifanyi kazi moja. GIMP ni ya kuhariri picha. Imekuwapo tangu mwaka 1996, na nguvu yake kubwa ni kukata, kusafisha na kurekebisha picha ambayo tayari ipo. Krita ni ya mchoraji anayepaka rangi kwa mkono, na utamu wake huonekana hasa ukiwa na kalamu ya kidijitali. Inkscape huchora kwa mistari inayokokotolewa badala ya vidoti, hivyo picha yake ya SVG huweza kukuzwa hadi ukubwa wa bango bila kuchakaa, na kwa sababu hiyo inafaa kwa nembo, vitufe na maandishi. Piskel na LibreSprite ni za michoro ya pikseli, yaani picha ndogo inayojengwa kidoti kwa kidoti.

Sasa itazame skrini yako. Ukiamua kwamba dirisha la mchezo ni la pikseli 320 kwa 180, kisha injini ikuze kila pikseli mara nne, utapata 1280 kwa 720, nayo inakaa ndani ya 1366 kwa 768 bila pikseli yoyote kukatika nusu. Kwenye skrini ya 1920 kwa 1080 mchezo huohuo utakuzwa mara sita kamili. Katika dirisha la namna hiyo, bajaji ya pikseli 32 kwa 32 itachukua sehemu moja ya kumi ya upana, ukubwa unaotosha kuonyesha turubai, taa na kichwa cha dereva. Picha moja ya hivyo, kwa baiti nne kila pikseli, inakula KB 4 za kumbukumbu. Pande nane zenye fremu nne kila upande, yaani picha zinazofuatana ili kitu kionekane kinatembea, ni fremu 32, jumla KB 128. Ungeichora bajaji hiyohiyo kwa 512 kwa 512, kila fremu ingekula MB 1, na bajaji moja tu ingefika MB 32 kabla hujagusa lori, shimo wala abiria. Utaona basi kwamba udogo wa mashine yako na udogo wa picha vinaelekea upande mmoja, na ndiyo maana ninakuondolea mapema Krita, pamoja na Blender, ambayo ni ya kuunda maumbo ya 3D, ingawa zote mbili ni programu ninazoziheshimu.

Jibu langu ni LibreSprite. Imetokana na Aseprite, ambayo msimbo wake hadi mwaka 2016 ulitolewa chini ya leseni huria ya GPL. Masharti yake yalipobadilishwa, watu wengine walilichukua toleo la mwisho lililokuwa huru, wakaliendeleza kwa jina hilo jipya. Ni ndogo, ina mstari wa fremu chini ya mchoro, hukuonyesha kivuli cha fremu iliyopita unapochora inayofuata, na hukutolea fremu zote zikiwa zimepangwa kwenye karatasi moja ya PNG ambayo Godot huisoma bila taabu. Piskel nayo si mbaya hata kidogo, na kwa kuwa hufanya kazi ndani ya kivinjari huhitaji kusakinisha chochote. Tahadhari yangu ni juu ya tabia ya watumiaji: mwanafunzi wangu mmoja alichora wiki mbili kwa zana nyingine ya ndani ya kivinjari bila kuhifadhi faili hata moja, siku moja akasafisha kumbukumbu za kivinjari ili apate nafasi, akafuta na michoro yake yote. Chochote unachotumia, kila jioni weka faili kwenye diski na nakala yake kwenye flashi.

Kuhusu kazi yenyewe, huna haja ya kuchora pande nane. Chora tano: ikielekea kaskazini, kaskazini mashariki, mashariki, kusini mashariki na kusini. Pande tatu za magharibi utazipata kwa kugeuza zile za mashariki kama zinavyoonekana kwenye kioo, na Godot yenyewe inaweza kufanya hivyo wakati mchezo unaendelea. Jizuie pia kwenye rangi. Chagua 16 tu kwa mchezo mzima na usitoke nje ya hizo: udongo mwekundu wa pembezoni mwa lami, kijani cha mikaratusi chenye weusi kidogo, kijivu cha ukungu kinachovuta kwenye bluu. Wanaoanza hufikiri kwamba wanakosa programu bora, kumbe michoro yao haina udugu kwa sababu kila kitu kimepakwa rangi zake. Hifadhi kwa PNG, usitumie JPEG, ambayo haina uwazi wa nyuma na huchafua kingo za michoro midogo.

GIMP utaihitaji siku utakapotaka kuandaa picha ya kutangazia mchezo. Siku hiyo bado.

BintiMakambako

Mwalimu, shikamoo. Naomba nitofautiane nawe kuhusu Blender, kwa sababu mimi ndiyo iliyonitoa kwenye shimo hilohilo la pande nane. Mkono wangu hauwezi kuchora gari lililoelekea mshazari hata mnipe mwaka mzima. Nilichofanya ni kuliunda gari mara moja tu kwa maumbo ya kawaida, boksi na mitungi, nikaweka kamera juu kwa mshazari, nikaizungusha gari digrii 45 kila mara na kuiamuru programu itoe picha ndogo yenye uwazi nyuma. Nilipobadilisha nia nikataka pande 16, sikuchora tena. Nilizungusha kwa digrii 22 na nusu. Kwa mtu ambaye hakujaliwa kuchora, huko ndiko kuokoka.

Nakiri mambo mawili. Blender yenyewe hutaja RAM ya GB 8 kuwa ndiyo kiwango cha chini, kwa hiyo mwenye GB 4 hatakuwa na raha nayo. Mimi hutumia kompyuta ya binamu yangu, tena usiku, na umeme ukikatika naanza upya. La pili, picha iliyotolewa kwa pikseli 32 huja na matope kwenye kingo, hivyo ni lazima uipeleke LibreSprite na kuisafisha kidoti kimoja kimoja. Kwa hiyo hata kwa njia yangu, ile programu ya mwalimu haikwepeki. Ninachopinga ni kumwambia anayeanza kwamba Blender ni ya wakubwa tu, hali ni programu ambayo mwaka 2002 watu wa kawaida walichanga euro 100,000 kwa muda wa wiki saba ili msimbo wake ununuliwe na kuachwa huru. Walichangia ili na sisi tuitumie.

FundiSautiMafinga

Kazi yangu ni kurekodi kwaya na harusi huku Mufindi, kwa hiyo picha nawaachia wenye picha. Kwa sauti, jibu ni Audacity. Ilianzishwa mwaka 1999 katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kule Marekani, ikatolewa kwa umma mwaka uliofuata, na mashine ya GB 4 inaibeba bila kulalamika. Hata hivyo nikikuachia hapo sijakusaidia, maana kinachoharibu sauti za wanaoanza mara chache huwa programu. Huwa ni chumba.

Nyumba zetu ni za bati. Masika yakishaanza, mvua ikipiga juu ya bati hakuna programu duniani itakayoitoa ndani ya sauti ya mtu anayezungumza. Hata kiangazi, jua linapotoka baada ya usiku wa baridi kali, bati hutanuka na kutoa milio midogo midogo ambayo sikio lako limeizoea kiasi kwamba huisikii, mpaka uvae spika za masikioni uisikilize rekodi. Rekodi sauti za watu usiku, mbwa wakishatulia, ndani ya chumba chenye kitanda na nguo nyingi. Mimi humwambia mwimbaji asimame mbele ya kabati lililo wazi, uso ukitazama nguo zinazoning'inia, na nyuma yake nafunga kamba na kutundika blanketi zito. Mablanketi huku kwetu hayakosekani. Kifaa kinaweza kuwa simu yako tu, mradi iwe umbali wa shubiri mbili hivi kutoka mdomoni na pembeni kidogo, ili pumzi isigonge kipaza sauti moja kwa moja.

Hiyo mvua usiitupe lakini. Siku ikinyesha, weka simu katikati ya chumba na rekodi dakika mbili za bati peke yake. Ndiyo mvua ya mchezo wako, na hutaipata nzuri hivyo kwenye maktaba yoyote ya sauti, maana mvua nyingi za kule ni za kwenye majani na vioo vya madirisha.

Kwa mlio wa bajaji, nenda kijiweni mapema kabla magari hayajawa mengi, umwombe dereva mmoja aiwashe ikiwa imesimama. Mwache kwanza akae kimya sekunde tano kabla ya kuwasha, na kimya hicho ukirekodi pia. Kisha aiache injini ingurume taratibu kwa sekunde 20, halafu apige resi mara mbili tatu. Simu ishikwe hatua moja kutoka kwenye ekzozi, upande ambao upepo hautoki. Ukifika nyumbani, zile sekunde tano za kimya ndizo utakazoionyesha Audacity ili ijue kelele ya mahali pale inafananaje, kisha uiamuru ipunguze kelele hiyo kwenye rekodi nzima. Punguza kwa desibeli 6, ukizidi sana 12. Vijana hupenda kuvuta kipimo mpaka mwisho, na matokeo yake ni sauti inayotoka kama imezamishwa ndani ya pipa la maji.

Kutoka kwenye zile sekunde 20 chukua mbili tu zilizotulia. Chagua kipande hicho, bonyeza herufi Z, na Audacity itasogeza mwanzo na mwisho wa kipande hadi pale wimbi la sauti linapokata mstari wa sifuri, usipofanya hivyo, kila kipande kinapojirudia utasikia "ta!" ndogo inayokera. Kipande hicho kimoja kinatosha kwa mwendo wote wa bajaji. Godot ina kipimo cha kupandisha na kushusha sauti inayopigwa: ikiwa 1, mlio husikika kama ulivyorekodiwa, ukiifanya ipande hadi 1.5 kadiri mwendo unavyoongezeka, utasikia dereva anakanyaga mafuta. Hakuna haja ya kurekodi mwendo wa kwanza, wa pili na wa tatu.

Angalia na aina ya faili. Simu nyingi huhifadhi sauti kwa m4a, na Audacity kwenye Windows huhitaji maktaba ya ziada iitwayo FFmpeg ili kuifungua. Ni rahisi zaidi kutafuta programu ya simu inayorekodi WAV moja kwa moja. Usijitumie rekodi kama ujumbe wa sauti kwenye programu za kuzungumzia, kwa sababu hubanwa mpaka ladha yote ikaisha, tumia waya. Milio mifupi iache kwenye WAV ya njia moja, kwa sababu bajaji haihitaji kulia kushoto na kulia. Muziki uuweke kwenye OGG. Dakika moja ya WAV ya njia mbili kwa 44,100 Hz na biti 16 ni zaidi kidogo ya MB 10, wakati OGG ya kawaida huwa karibu MB 1. MP3 usiitumie kwa muziki unaojirudia, kwani huongeza ukimya mdogo mwanzoni na mwishoni, na pengo hilo husikika kila wimbo unapozunguka.

Milio ya kubuni, kama ile ya kuokota sarafu au ya kubonyeza kitufe, huna haja ya kuirekodi. Ipo programu ndogo sana iitwayo sfxr, iliyotengenezwa mwaka 2007 kwa ajili ya washiriki wa Ludum Dare, shindano la kutengeneza mchezo kwa muda mfupi, ambao hawakuwa na muda wa kutafuta sauti. Unabonyeza aina ya mlio, inakubahatishia mmoja. Hukuupenda, unabonyeza tena. Siku hizi ipo hata ya ndani ya kivinjari kwa jina la jsfxr.

Muziki nitausema kwa ufupi. LMMS ni kubwa na nzuri, lakini itakuchukua muda mrefu kuizoea. Anza na Bosca Ceoil, au BeepBox iliyo ndani ya kivinjari, ambayo ina jambo moja la ajabu: wimbo wako wote huandikwa ndani ya anwani ya ukurasa wenyewe, kwa hiyo ukiihifadhi ile anwani ndefu kwenye daftari la kompyuta umeuhifadhi wimbo.

MchoraBajaji (Uyole, Mbeya)

Ndaga fijo kwenu nyote, na mwalimu pia shikamoo. Nimepakua LibreSprite na Audacity, na bando bado lipo. Mdogo wangu amekwisha kuchora bajaji tano kwa rangi 16. Ila nina mambo matatu.

Nilipoiweka picha ndani ya Godot na kuikuza, bajaji imekuwa na ukungu, tena si ule wa Uyole. Kingo zote zimeyeyuka. Nilidhani nimeihifadhi vibaya, lakini ndani ya LibreSprite ni kali kama wembe. Pia mdogo wangu anataka nyuma ya bajaji paandikwe "POLEPOLE NDIO MWENDO" kama bajaji za kweli zinavyoandikwa, na maandishi hayaingii kabisa. Mwisho, kwaya ya kanisani kwetu ina wimbo mmoja mzuri mno ambao ungefaa kufungulia mchezo. Nina rekodi yake niliyoichukua mwenyewe kwa simu. Je, kwa kuwa nimeirekodi mwenyewe, si yangu?

MsomajiWaTukuyu

Nijibu la mwisho, kwa kuwa hilo ndilo linaloweza kukuletea barua. Rekodi uliyoichukua haikufanyi mwenye wimbo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda aliyetunga, na pia inawalinda walioimba; ndiyo maana jina lake lina sehemu mbili. Mwone mwalimu wa kwaya, uulize nani alitunga maneno na nani alitunga sauti, na uombe ruhusa ya maandishi inayotaja mchezo wako kwa jina na kueleza iwapo utauuza au utautoa bure. Yawezekana wakakubali kwa furaha. Ukiona mambo yanakuwa magumu, COSOTA ndiyo ofisi ya hakimiliki inayohusika.

Neno bure nalo lina mitego yake. Kwamba LibreSprite iko chini ya GPL haina maana kwamba michoro ya mdogo wako iko chini ya GPL. Michoro ni yake na anaweza kuiuza. Kwa upande mwingine, picha na sauti mnazozikuta mtandaoni zina leseni zake zenyewe. Katika familia ya leseni za Creative Commons, CC0 inamaanisha mwenyewe ameachilia, na huna wajibu hata wa kumtaja. CC BY inakutaka umtaje. Ukiona herufi NC, usiiweke kwenye mchezo utakaouuza au utakaoubandika matangazo. Ukiona SA, kile utakachotengeneza kutokana na kazi hiyo nacho ni lazima ukitoe kwa leseni hiyohiyo. Kwenye Freesound, maktaba ya sauti iliyoanzishwa mwaka 2005 na chuo kikuu kimoja cha Barcelona, utakuta leseni zimechanganyika, faili hii CC0 na inayofuata NC, kwa hiyo soma kila moja. Michoro ya Kenney, mbunifu anayegawa michoro ya michezo mtandaoni, ni CC0, nayo itawafaa kwa kujazia barabara na nyumba wakati bado mnachora zenu. Fungueni faili moja la maandishi leo hii, na kila mnapopakua kitu andikeni jina la mwenyewe, mahali mlipokitoa na leseni yake. Baada ya miezi sita hakuna atakayekumbuka.

MwalimuWaKihesa (Iringa)

Marahaba. Huo ukungu ni wa Godot: katika toleo la 4, ikikuza picha huilainisha isipokuwa umeiambia vinginevyo. Fungua mipangilio ya mradi, tafuta kichujio cha picha, ubadilishe kutoka kwenye ulainishaji wa mstari uweke kile cha pikseli ya jirani, na bajaji itarudi kama wembe. Siku utakapokuza michoro hii ndani ya GIMP nako utahitaji kuzima ulainishaji vivyo hivyo.

Kuhusu maandishi, fanyeni hesabu. Herufi ndogo kabisa inayosomeka ni pikseli tatu kwa upana na tano kwa kimo, na pikseli moja ya kuitenga na jirani yake, yaani nne kila herufi. "POLEPOLE NDIO MWENDO" ina herufi 18 na nafasi mbili, jumla pikseli 79, tena hapo nimezionea M, N na W ambazo haziingii vizuri kwenye tatu. Bajaji yenu yote ni 32, na mgongo wake nadhani hauzidi 20. Neno "POLE" peke yake ni pikseli 15. Wekeni hilo, na kwa barabara mliyoieleza abiria watalielewa.

Na kwa dada wa Makambako: hoja yako nimeipokea. Kama ana ndugu mwenye mashine ya GB 8, aijaribu.

MchoraBajaji (Uyole, Mbeya)

Mwalimu, ukungu umeondoka, na "POLE" imekaa mgongoni, nyeupe juu ya bluu, inasomeka hata nikiwa nimekaa kitandani. Jana saa kumi na mbili asubuhi nilikwenda kijiweni. Dereva alicheka sana nilipomwomba akae kimya sekunde tano kabla ya kuwasha, akaniuliza kama tunaomba dua, lakini akanipa na resi tatu bila malipo. Nimeikata kama fundi alivyoelekeza, na mwendo ukiongezeka mlio unapanda. Mama aliyekuwa jikoni alitoka nje kuangalia nani amekuja. Mwalimu wa kwaya nitamwona Jumapili.

Limebaki moja dogo. Mdogo wangu alichora dumu la maji limefungwa ubavuni mwa bajaji, upande wa kushoto. Tulipogeuza zile pande tatu kama mwalimu alivyosema, bajaji ikielekea mashariki dumu liko kushoto, ikigeuka magharibi dumu limehamia kulia. Nilimwambia alifute. Amekataa katakata, na sasa hivi ninapoandika haya anachora dumu la pili upande wa pili.